Dari ya Chumba cha Sista Mwanaesha

Siku niliyowagawia vijana wa chama chetu cha mafundi hapa Garsen randa na misumeno yangu, waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya dari. Walitaka vipimo. Vipimo nitavitaja, lakini nikiandika vipimo peke yake nitakuwa nimedanganya, na kudanganya kuhusu dari nimeshafanya mara moja mbele ya watu. Atakayesoma akitafuta fahari ya fundi mzee atafute kwingine, maana sehemu kubwa ya maneno haya nayaandika kwa haya. Nakala ya kwanza nimempelekea mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kina mama. Hii yenu ni ya pili.

Mimi ni Buya, Mpokomo mzaliwa wa Kulesa. Baba alilima mpunga na migomba kando ya mto, na kila niliposhika jembe aliniomba nikapumzike, wala si kwa huruma. Mwishowe alinipeleka Mombasa kwa mjomba, na mjomba akanikabidhi kwa Fundi Mbarak, mtu wa dari, mfupi, mwenye shingo iliyopinda kidogo kwa kuangalia juu miaka mingi. Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinilaza chali sakafuni katika chumba kitupu akaniacha hapo hadi adhuhuri.

"Umeona nini?" aliniuliza aliporudi.

"Dari."

"Hujaona kitu. Wewe mwenye nyumba unamfikiria amesimama. Yeye dari yake ataiangalia amelala, anaumwa au ana mawazo. Kila ufa atauhesabu. Lala tena."

Nililala tena. Hadi leo, dari nikiimaliza hulala chini kwanza kabla ya kumwita mwenyewe, na wapo wateja waliodhani nimezirai.

Miezi ya kwanza ni shingo na macho. Shingo huzoea, macho hayazoei vumbi kamwe, kwa hiyo nunueni miwani ya plastiki wala msione aibu kufanana na wachomeleaji. Baada ya mwaka ndipo Mbarak aliponifundisha kazi iliyomfanya aitwe kutoka mbali: dari ya kuzuia sauti. Watu walikuwa wakigeuza maghala na maduka ya chini kuwa ofisi na vyumba vya madaktari, huku juu wanakaa watu na watoto wao na vinu vyao vya kutwangia. Mbarak alikuwa na sheria moja kubwa. Dari ya chini isishikane na sakafu ya juu hata kwa msumari mmoja. Fremu yake ishikwe na kuta, ikae peke yake, iache nafasi ya kiganja kati yake na boriti za juu, na nafasi hiyo ijazwe usumba wa nazi, zile nyuzi za makumbi, uliochambuliwa vizuri, si wa kushindilia. Chini ya fremu zinakuja bodi za jasi, zile nyeupe mnazoita jipsam, tabaka mbili, na maungio ya tabaka la pili yasilingane na ya kwanza. Kisha unaziba. Kuziba ndiko wengi hukuonea uvivu, kwa sababu hakuonekani na mteja hakusifii. Unaziba ukingoni mwa kuta, unaziba penye waya wa taa, unaziba zaidi penye bomba.

Kupima kwake kulikuwa hivi. Kwanza alifunika madirisha kwa mablanketi mchana, akawasha taa kali chini, akapanda juu kutafuta mwanga kati ya mbao. Palipopenya mwanga alipiga alama ya chaki. Halafu nilibaki chini nikisoma gazeti kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake, naye juu amekaa kimya. Akisikia hata mvumo, alishuka akasema neno moja, "Bado." Mteja angeweza kusema inatosha, Mbarak bado. Aliniambia fundi hapimi kama ameelewa kinachosemwa. Hupima kama kuna sauti.

Hilo aliniambia waziwazi, mara nyingi, kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa.

Nilirudi Garsen na kazi ikanikubali. Kwa miaka mingi nilifanya dari za shule, za misikiti, za ofisi, na sehemu ya kwanza ya karibu kila kazi ilikuwa kufukuza popo. Kuna mteja mmoja ambaye mto ulipofurika alipandisha magunia matatu ya mahindi juu ya dari yangu ya sofbodi, kisha akaja kunilalamikia kwamba imeanguka. Nilimuuliza kama angelala yeye juu yake. Akasema kwani dari ni ya nini.

Katika miaka hiyo yote kuna kitu kimoja nilichokikwepa, nacho ni Kiorma, lugha ya majirani zetu wafugaji. Nimeishi mji ambao ukinunua maziwa, ukitafuta nyumba, ukizika jirani, unakisikia. Sikujifunza hata salamu. Nikiulizwa nilijibu kwamba Kiswahili kinatosha, na kweli kilinitosha kwa kazi. Lakini haikuwa hivyo moyoni. Watu wa shamba na watu wa ng'ombe tumewahi kugombana hapa hadi watu wakafa, na mimi kutokijua kwangu nilikuhesabu kama namna ya kusimama upande wangu. Kiburi kitupu, na leo nakionea haya.

Sasa nije kwenye chumba chenyewe. Bwana Guyo, Muorma, ana nyumba ya ghorofa moja karibu na barabara. Chini palikuwa ghala la saruji na mabati, juu anakaa yeye na mkewe, Bi Hawo, na sakafu yao ni ya mbao juu ya boriti. Kikundi cha kina mama kilikodi lile ghala kuligeuza zahanati, na muuguzi waliyempata ni Sista Mwanaesha. Sista ni mtu wa Kipini. Alikuwa amefanya kazi upande wetu miaka kumi hivi, na katika miaka hiyo alijifunza Kiorma kutoka kwa wagonjwa wake hadi akawa anawatania nacho. Mimi alinisalimu kwa Kipokomo, chenye lafudhi ya Kipini, lakini alinisalimu. Nilimjibu kwa Kiswahili.

Alinionyesha pembe ya ghala alipotaka chumba chake cha mazungumzo.

"Hapa nitaambiwa mambo, fundi. Wake wa watu watakaa kwenye kiti hiki waniambie yale wasiyoweza kuwaambia waume zao. Huko yuu kuna watu. Nataka neno likisemwa hapa lisipande."

"Halitapanda, sista."

"Waniahidi au wanipooza?"

"Nakuahidi."

Nilianza vizuri. Fremu niliishikiza kwenye kuta, boriti za Guyo sikuzigusa. Usumba niliagiza pwani, na shehena ya kwanza ilitosha eneo lote isipokuwa pembe moja, penye bomba la maji machafu kutoka bafu la juu. Bomba lile lilishuka ndani ya chumba cha sista, nami nikalijengea kisanduku cha plaiwudi kutoka sakafuni hadi juu, kipite ndani ya dari. Kisanduku hicho kilitakiwa kujazwa usumba hadi pomoni na kuzibwa kichwani. Mto ukafurika, barabara ikakatika, shehena ya pili ikakwama. Kina mama walikuwa na tarehe ya kufungua. Nilifunika kisanduku kikiwa kitupu, nikajiambia nitarudi barabara ikifunguka.

Tukapima. Mwanga haukupenya popote, kisanduku kilikuwa kimefunikwa vizuri kwa macho. Nikapanda juu kwa Guyo, nikaketi karibu na mlango wa bafu. Chini nilimwomba sista azungumze na mama mmoja wa kikundi kwa sauti ya kawaida, nao wakazungumza Kiorma, maana ndiyo lugha ambayo sista angeitumia na wengi wa wagonjwa wake. Nilisikia mvumo, mdogo, ukipanda kando ya bomba. Haukuwa na neno ndani yake. Kwangu ulikuwa kama maji yanayochemka chumba cha pili. Nilikaa pale dakika kadhaa nikitega sikio, na sikuambulia kitu, nikaridhika.

Nilishuka nikasema, "Kazi imekwisha."

Mnaona kosa lilipo. Kama wangezungumza Kipokomo au Kiswahili, sikio langu lingeokota neno hapa na pale na akili ikajaza mengine, na ningejua. Mtu husikia kupitia ukuta ile lugha anayoijua. Ile asiyoijua huisikia kama upepo, halafu anaandika kwenye daftari kwamba pametulia. Na aliyekuwa akikaa juu si mimi. Ni Bi Hawo.

Barabara ilifunguliwa baada ya wiki kadhaa na usumba ukafika. Nilikuwa nimeshaanza dari ya shule upande wa Kilelengwani. Gunia la usumba lilikaa karakanani kwangu, na kila nilipolipita nilisema kesho.

Kulikuwa na mke wa ndugu mdogo wa Bi Hawo. Nitamwita Halima, ingawa si jina lake, maana jina lake limeshatembea vya kutosha kwa sababu yangu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike kwa shida kubwa, karibu afe, na hospitali ilimwambia asishike mimba nyingine upesi. Mumewe na watu wake walitaka mtoto mwingine, na wakati ulikuwa unapita. Halima akawa anakuja kwa Sista Mwanaesha kuchomwa sindano ya kupanga uzazi bila mumewe kujua. Siku moja alikaa kwenye kile kiti akaeleza yote, kwa Kiorma, pamoja na hofu yake. Wifi yake alikuwa juu, mguu wake unamuuma, amekaa pale anapokaa kila siku, karibu na bafu.

Ndani ya wiki moja mumewe alijua. Halima alirudishwa kwa wazazi wake Nanighi. Mtoto akabaki Garsen kwa watu wa baba yake.

Watu wa Halima walikuja hadi kwenye kamati. Walisema binti yao alimwambia siri mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni sista. Kina mama wa Kiorma wakaacha kufika zahanati, si kwa kuambiana, ila kila mmoja kivyake. Sista alisema hajamwambia mtu. Akaomba dari iangaliwe. Kamati ikaitisha mkutano na mimi nikaitwa.

Siku moja kabla ya mkutano nilikwenda kwa Guyo, nikasema nimepita kuwajulia hali. Bi Hawo alinikaribisha kwa chai ya maziwa. Tulikuwa tumekaa watatu, tunazungumzia malisho, na chini sista alikuwa na mgonjwa. Ule mvumo ukapanda kando ya bomba. Mimi sikuambulia kitu. Bi Hawo akaweka kikombe chini akatikisa kichwa.

"Maskini," akasema, kwa Kiswahili ili mgeni nami nisikie, "mtoto ya Arbe naharisha siku ya tatu leo. Namwambia yeye apeleke mapema."

Guyo alikohoa. Sote watatu tukaangalia mbao za sakafu, na hakuna aliyetaja bomba. Mwenyeji wangu akaniongezea chai. Simlaumu sana Bi Hawo. Hakuchungulia mahali, alikuwa amekaa kwake, na yeye alidhani anamsaidia ndugu yake. Mimi ndiye niliyekuwa na ahadi.

Kwa hiyo nilikwenda mkutanoni nikijua. Hilo ndilo nataka mlielewe. Sikukosea siku ile, kukosea nilikosea zamani. Siku ile nilijua.

Mwenyekiti aliniuliza, "Fundi Buya, sista anasema huenda maneno yamepita kwenye dari. Wewe ndiye uliyeijenga. Yanapita?"

Nilisimama. Walikuwepo wateja wangu wa zamani, na kulikuwa na kazi ya ofisi kubwa iliyokuwa inazungumzwa, na jina langu la dari ya kuzuia sauti lilikuwa ndilo jina nililokuwa nalo.

"Nilipima mwenyewe," nikasema. "Nilikaa juu, watu wakazungumza chini, sikusikia neno."

Ukiichukua sentensi hiyo kipande kwa kipande ni kweli yote. Niliitengeneza njiani nikienda, kwa uangalifu ambao kama ningeutia kwenye kile kisanduku, tusingefika hapo. Guyo alikuwa nyuma, macho yake sakafuni. Sista Mwanaesha akanigeukia.

"Fundi, huna la kuongeza?"

"Sina."

Aliniangalia kwa muda mfupi tu. Kisha akatoa ufunguo wa zahanati kwenye mkoba wake, akauweka mezani mbele ya mwenyekiti, kabla hata hawajamwomba.

Wiki iliyofuata nilifanya jambo ambalo nalionea haya kuliko hata ile sentensi. Nilimwambia muuguzi mpya kwamba kuna marekebisho madogo ya bomba. Nilileta lile gunia la usumba kutoka karakanani, nikafungua kisanduku, nikakijaza chote, nikakiziba kichwa kwa silikoni pande zote na kukifunika kwa bodi mbili. Nilikifanya polepole, kwa ustadi wote alionipa Mbarak. Nilipomaliza nilipanda juu, na nikamwomba Bi Hawo mwenyewe asikilize wakizungumza chini. Alitega sikio.

"Imenyamaza," akasema, na hakuniangalia usoni.

Hivyo ndivyo inavyopimwa, vijana. Anayetega sikio awe ndiye atakayekaa juu, na chini isemwe lugha ya nyumba ile. Mkisikia mvumo hamjamaliza, hata kama mvumo wenyewe hauwaambii kitu. Dari ile sasa ni nzuri kuliko zote nilizojenga, na mkitaka kuiona iko palepale. Niliitengeneza ili mtu yeyote akija kuikagua amwone sista ndiye mwongo.

Ile kazi ya ofisi nilipewa. Sitasema zaidi kuihusu.

Ikapita miaka minne. Magoti yakaanza kukataa ngazi, nikastaafu, nikawagawia vifaa. Nilidhani nitapumzika. Lakini mtu anayefanya kazi ana mahali pa kukimbilia kila asubuhi, na mimi sikuwa napo tena. Nilikaa kwenye benchi la duka la vifaa ng'ambo ya zahanati, na kila siku niliwaona kina mama wa Kiorma, wengine wamebeba watoto wanaotweta kwa homa, wanaufikia ule mlango ulio wazi, wanaupita. Walikuwa wanaupita kwa sababu yangu. Niliona haya hadi nikabadilisha benchi, na benchi la pili likawa halinisaidii.

Nilikwenda Kipini. Sista Mwanaesha ana duka dogo la dawa huko. Nilimkuta na wateja, nikasimama kando hadi wa mwisho alipoondoka, kwa maana sikutaka kusema mbele ya watu, na papo hapo nikatambua kwamba yeye alisemwa mbele ya watu. Nilimweleza yote, kisanduku, chai kwa Bi Hawo, usumba. Alikuwa anapanga vichupa rafuni na hakuacha.

"Nlijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Uliponambia 'sina'. Mtu asiye na la kuficha huwa na la kuongeza."

"Mbona hukusema?"

Hapo aliacha vichupa.

"Nlisema, fundi. Nlisema mbele ya kamati nzima, dari iangaliwe. Aliyeulizwa ni wewe."

Nikamwomba radhi, naye akanisikiliza hadi nikamaliza maneno.

"Umekuya kwangu kwa kuwa ndiya ya kuya kwangu ni fupi," akasema. "Mimi nina duka, nina watu wangu, najua mwenyewe sikusema. Yule mwana wa watu je? Miaka minne aamini mimi ndiye niliyemvunjia nyumba. Nlimwambia mimba nyingine yataka hospitali kubwa, asithubutu kuzalia nyumbani. Wadhani sasa ataamini neno langu, au la muuguzi yeyote?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Miaka yote minne nilikuwa nikifikiria jina la sista na jina langu.

Aliandika namba yake ya simu kwenye karatasi ya kufungia dawa. "Mpe mkononi mwake. Wewe mwenyewe."

Nanighi ni safari ya siku nzima kwenda juu, kupita Hola na Bura. Kaka yake Halima alinipokea, nikamwambia mimi ni nani na nimefuata nini, akanitazama sana, akanipeleka. Halima alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba yao ya nyasi, mama yake pembeni. Alikuwa ameolewa tena hapohapo Nanighi, na tumbo lake lilikuwa kubwa. Kaka aliketi mbali kidogo.

"Mimi ndiye fundi niliyejenga chumba cha sista kule Garsen," nikaanza.

"Sista," akasema, na uso wake ukafunga. "Hiyo jina mimi sitaki sikia."

"Sista hakusema. Maneno yako yalipanda juu, kwa njia ya bomba. Wifi yako aliyasikia akiwa amekaa kwake. Pale niliacha tundu, nilikuwa sijamaliza kazi. Kisha kamati wakaniuliza, na mimi nilikuwa nimeshajua, nikaficha."

Akamgeukia mama yake akamfasiria, kwa kirefu. Mama aliniangalia akasema maneno machache.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema wewe mtu mzima," akajibu Halima.

Nimetukanwa mara nyingi katika kazi, na hakuna tusi lililonifikia kama hilo. Niliinamisha kichwa. Hakuna aliyeharakisha kuniondolea aibu ile, wala sikustahili kuondolewa.

"Mtoto yangu unamuona?" akauliza baadaye.

"Namwona. Anapita asubuhi akienda shule."

"Amekuwa mrefu?"

"Mrefu. Anakimbia sana."

"Anaongea mimi?"

"Sijui, mama. Sijawahi kumuuliza."

Aliyakubali hayo kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu kidogo kuliko alichotarajia. Kisha akaweka mkono juu ya tumbo.

"Hii miezi nane. Watu ya hospitali wamekuja hapa mara mbili, mimi nimejificha huko kwa mbuzi. Nimesema hao watu ukiwaambia kitu, wao wanaambia dunia. Mama hii anaogopa, kila siku analia. Mimi nimesema heri nizae hapa." Akaniangalia moja kwa moja. "Kweli sista hakusema? Hata mtu moja?"

"Hata mtu mmoja. Aliondoka na siri yako, na lawama pia."

"Iko wapi sasa?"

Nikampa ile karatasi mkononi. Aliisoma namba kwa sauti ndogo, akamwita kaka yake amletee simu, akabonyeza mwenyewe. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Simu iliita muda mrefu. Halafu sauti ya Sista Mwanaesha ikatoka, ndogo, kutoka Kipini, na Halima akamsalimu kwa Kiorma, akataja jina lake, akaanza kulia na kuzungumza kwa pamoja.

Sikuelewa hata neno moja, lakini sauti ilikuwapo. Nikainuka, nikapita zizi la mbuzi, nikavuka barabara, nikaendelea kutembea hadi sikusikia kitu.